Dhamana ya Mtu wa Kambini

Mwishoni mwa mwaka 2013 maofisa wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, na mashine mpya. Mtu aliketi mbele ya kamera, akaambiwa afumbue macho vizuri, mboni zikapigwa picha. Halafu akabonyeza vidole vyote kumi juu ya kioo. Wazee, akina mama, watoto wa shule, zamu kwa zamu, maelfu ya watu. Mtambo huo ulikuwa haujatumika kokote duniani. Kabla haujapelekwa Thailand wala Chad ulijaribiwa hapa, katika wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kaskazini mwa Lilongwe, mahali ambapo enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa na ambapo kambi ilifunguliwa mwaka 1994.

Naianza sura ya mikopo kwa mboni za macho kwa sababu kikwazo ambacho hutajwa kwanza, mkimbizi anapoomba mkopo benki, ni kwamba hajulikani. Hana kitambulisho cha taifa, hana historia ya mikopo, hana mtu wa kumdhamini. Lakini mama wa Kivu, mashariki mwa Kongo, auzaye vitenge Dzaleka ameandikishwa kwa macho na vidole, jina lake na la kila mwanawe liko kwenye kompyuta, nyumba yake inajulikana, na siku ya mgao anathibitishwa upya kwamba ni yeye. Mkulima wa Dowa anayemuuzia mahindi nje ya kambi alisubiri hadi mwaka 2017 ndipo Malawi ikaanza kuandikisha watu wazima wote kwa vitambulisho vya taifa. Kwa miaka kadhaa, katika wilaya ile, mkimbizi ndiye aliyekuwa mtu anayejulikana kuliko wote.

Na kujulikana kuna thamani kubwa katika biashara ya mikopo. Tunalijua hilo kwa jaribio lililofanyika huko huko. Katika msimu wa 2007 na 2008 wachumi watatu, Xavier Giné, Jessica Goldberg na Dean Yang, walishirikiana na kampuni ya mikopo ya vijijini, Malawi Rural Finance Company, kuwakopesha mbegu, mbolea na dawa wakulima wa paprika katika wilaya za Dedza, Mchinji, Kasungu na Dowa. Mkopo ulikuwa wa kwacha 17,000 hivi, sawa na dola 120 za wakati ule. Wote walielezwa umuhimu wa kulinda jina lao mbele ya mkopeshaji. Kisha vikundi vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu vikachukuliwa alama za vidole, vingine visichukuliwe. Maana katika nchi isiyo na kitambulisho, aliyekula mkopo mwaka huu angeweza kurudi mwakani kwa jina la shemeji yake na kukopa tena.

Msimu ulipokwisha, wale waliodhaniwa tangu mwanzo kuwa waaminifu walikuwa wamelipa sawa, wenye alama za vidole na wasio nazo. Tofauti ilikuwa kwa wale waliodhaniwa wagumu zaidi: waliochukuliwa alama za vidole walirejesha takriban asilimia 40 zaidi ya wenzao. Tena walikopa kiasi kidogo zaidi, na pembejeo walizozipata wakazitia shambani badala ya kuzigeuza matumizi mengine. Kilichowabadilisha ni kujua kwamba jina lao halitapotea, kwamba watakaporudi kukopa watakuwa ni wao.

Basi ukiyaweka mambo haya mawili pamoja, jaribio la paprika na mashine ya mboni, ungetarajia benki za Lilongwe zipigane vikumbo kwenye barabara ya Dzaleka. Hazikupigana. Sura hii inatafuta sababu, na ili kuifikia lazima kwanza tuone jinsi benki za Malawi zinavyomtendea hata mwananchi.

Malawi ni uchumi mdogo, na mikopo ya benki kwa kaya na biashara ni midogo hata kwa kipimo cha uchumi huo. Haifiki robo ya pato la taifa. Sababu kubwa ni serikali yenyewe. Serikali hukopa kwa kunadi hati za hazina, na mwaka 2024 hati ya siku 364 ilikuwa ikizaa karibu asilimia 26. Jiweke kwenye kiti cha meneja wa mikopo. Mbele yako kuna maombi mawili. La kwanza ni la Hazina, mkopaji anayechapisha fedha zake mwenyewe, ambaye hahitaji kutembelewa dukani, na kazi nzima inamalizwa na mtumishi mmoja mwenye kompyuta. La pili ni la muuza nguo wa Kawale, kitongoji cha Lilongwe, anayetaka kwacha milioni mbili, ambaye itabidi umtembelee, umhesabie mali, umfuatilie kila mwezi, na pengine umpeleke mahakamani. Ili wa pili akulipe zaidi ya wa kwanza lazima umtoze riba ambayo biashara yake haiwezi kuibeba. Kwa hiyo unamwambia arudi mwezi ujao.

Juu ya hayo kuna riba ya sera ya Benki Kuu ya Malawi, ambayo Aprili 2023 ilipandishwa kutoka asilimia 18 hadi 22, Julai ikafika 24, na Februari 2024 ikawa 26. Tangu 2019 benki zote za biashara huanzia hesabu zao kwenye riba moja ya marejeo inayotangazwa kila mwezi, kisha kila benki hujumlisha sehemu yake kulingana na hatari ya mteja. Ulinganishe na Estonia, nchi ndogo ya Ulaya yenye watu wachache zaidi ya milioni moja na laki tatu. Huko mkopo wa nyumba kwa kawaida hufuata Euribor, riba ambayo benki za Ulaya hukopeshana. Vuli ya 2023 Euribor ya miezi sita ilipopita asilimia 4, familia zilizokuwa zimezoea riba karibu na sifuri zililia, na zilikuwa na haki ya kulia, kwa kuwa rejesho la kila mwezi lilipanda ghafla. Lakini mwenye nyumba wa Tallinn alikuwa tayari yumo ndani. Ana mkopo wa miaka 30, anabishania bei yake. Muuza nguo wa Kawale yuko mlangoni.

Na mlango wenyewe una siri ambayo watu wengi hawaioni. Mwaka 2024 mfumuko wa bei Malawi ulizidi asilimia 30. Aliyepata mkopo wa benki kwa riba ya asilimia 35 alikuwa analipa, ukiondoa kupungua kwa thamani ya kwacha, karibu bure. Alinunua mzigo leo, bei zikapanda, akalipa deni kwa fedha nyepesi. Novemba 2023 kwacha iliposhushwa thamani kwa siku moja kutoka 1,180 hivi hadi 1,700 kwa dola, aliyekuwa na stoo iliyojaa mali ya mkopo aliamka tajiri kuliko alivyolala. Hivyo riba ya asilimia 35, inayotisha ukiisikia, ilikuwa zawadi kwa waliofunguliwa mlango, na waliofungiwa ndio walioigharimia zawadi hiyo kupitia akiba zao zilizoyeyuka. Hili linaniuma kuliko jambo lolote katika hesabu za nchi hii.

Kwa nini benki isipandishe tu riba hadi imkubali kila mtu? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1981 na Joseph Stiglitz na Andrew Weiss. Walisema mkopeshaji akipandisha riba kupita kiasi, wakopaji watulivu wenye biashara za faida ya wastani hujitoa, wanabaki wanaobahatisha. Hata wale watulivu waliobaki huvutwa kwenye biashara za kubahatisha ili waweze kulipa. Kwa hiyo benki huona afadhali isimamishe riba mahali fulani na kuwagawia wachache, na wengine iwanyime hata kama wako tayari kulipa zaidi. Kunyimwa mkopo, kwa maelezo haya, hakumaanishi kwamba wewe ni mkopaji mbaya. Inatosha kwamba benki haina njia rahisi ya kukutofautisha na mbaya. Alama za vidole za wakulima wa paprika zilikuwa njia mojawapo ya kutofautisha.

Sasa twende kambini.

Dzaleka ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo wako zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, wakifuatwa na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili cha Bukavu na Uvira ndicho kinachotumika kupatana bei sokoni, na Mchewa wa vijiji vya jirani anayekuja kuuza nyanya naye amejifunza kuhesabu kwacha kwa Kiswahili. Kuna wauza samaki wa usipa, mafundi cherehani, vinyozi, wauza mandazi, maduka ya simu, vibanda vya kutazamia mpira. Kila mwaka tangu 2014 kuna tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mkimbizi mwenyewe, msanii Menes La Plume, na siku zile wageni kutoka Lilongwe na mbali zaidi hujaza mifuko ya wauza chakula. Biashara zote hizi zina mtaji, na mtaji umetoka mahali.

Sehemu kubwa imetoka ndani ya sanduku la chuma. Kikundi cha watu 15 hadi 25 hukutana kila wiki, kwa kawaida uani kwa mmoja wao. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu ambao si viongozi na hawakai nyumba moja. Siku ya mkutano hakuna anayeligusa mpaka wote watatu wafike. Wanaohesabu fedha huhesabu kwa sauti, mbele ya watu, noti juu ya noti. Kila mwanachama huitwa kwa namba yake, husogea, hununua hisa moja hadi tano, na katibu hupiga mhuri kwenye kitabu chake kidogo, mhuri mmoja kwa kila hisa, kisha nafasi zilizobaki wazi hukatwa mstari ili asije mtu akajiongezea usiku. Mfuko wa jamii, wa misiba na magonjwa, huhesabiwa kando na kuwekwa kwenye kifuko chake. Halafu ndipo mikopo. Anayeomba husimama na kusema anataka kiasi gani, cha kufanyia nini, na atalipa lini. "Dada, ile ya mwezi jana ulimaliza?" mtu atauliza. Akiwa hakumaliza, watu wote wanajua na yeye anajua kwamba wanajua. Mwishoni mwenyekiti huwaambia wote wakumbuke fedha zilizobaki sandukuni, na mkutano ujao mmoja huulizwa azitaje kabla halijafunguliwa.

Utaratibu huu ulianza mwaka 1991 Niger, mkoani Maradi, kwa shirika la CARE, ukaenea Afrika yote. Watanzania wana VICOBA na hisa zake, Wakenya wana chama, Wakongo wa mashariki wanauita AVEC, na Wamalawi huuita banki nkhonde, benki ya barazani. Mkimbizi hakufundishwa kitu kigeni. Wengi walifika Dzaleka wakiwa tayari wamecheza likelemba, mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, nyumbani, na kikundi kilichovunjika Fizi au Uvira kwa sababu ya risasi kikazaliwa upya Dowa na watu wengine.

Nalisifu sanduku kwa moyo wangu wote, na kwa sababu hiyo lazima niseme mipaka yake. Vikundi vingi hutoza asilimia 10 hadi 20 kwa mwezi. Riba hiyo ni kubwa kuliko ya benki, ingawa inarudi kwa wanachama wenyewe siku ya kugawana, baada ya miezi tisa au mwaka. Tuseme mama wa vitenge anataka kwacha 300,000 kwa miezi mitatu. Benki yenye riba ya asilimia 36 kwa mwaka ingemtoza 27,000. Kikundi chenye riba ya asilimia 10 kwa mwezi kitamtoza 90,000. Akienda kwa mkopeshaji wa mtaani, yule wa katapila, ambaye mara nyingi hutaka nusu ya fedha juu kila mwezi, atalipa 450,000 ya riba peke yake. Mzigo ni uleule, mteja ni yuleyule. Kilichobadilika ni mlango alioingilia.

Tatizo la pili la sanduku ni kwamba wanachama wake wananyeshewa na mvua moja. Mgao wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ukichelewa, au ukapunguzwa kwa sababu fedha za wafadhili zimepungua, kila mteja wa kila mwanachama anakaukiwa wiki ileile. Muuza mandazi hauzi, fundi cherehani haletewi nguo, na wote wawili wanadaiwa na sanduku moja. Kuanzia Januari hadi Machi, miezi ya njaa kabla ya mahindi mapya, wote wanataka kukopa na hakuna anayeweka. Benki ya kweli hulivuka hilo kwa kuwa ina wateja Blantyre na Mzuzu na Mangochi. Hasara ya Dowa hufunikwa na faida ya kwingine. Sanduku haliwezi. Tena haliwezi kukopesha kwa zaidi ya miezi michache, kwa kuwa mwaka ukiisha linavunjwa. Kwa mkopo wa miezi mitatu mtu hununua gunia la maharagwe; mashine ya kusaga au jokofu la samaki havinunuliwi hivyo.

Kulikuwa na mkopeshaji mwingine ambaye hakuna aliyemhesabu. Kwa miaka mingi wakimbizi wengi, Warundi, Wanyarwanda na Wakongo, walifungua maduka Lilongwe, kwenye vitongoji kama Kawale na Mchesi, wengine wakiwa na vibali na wengine bila. Mfanyabiashara mdogo wa Dzaleka alikwenda kwa hawa, akachukua katoni za sabuni, mafuta, sukari, vitenge vilivyopita mpaka wa Kasumulu kutoka Mbeya, na akalipa akishauza. Sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, wanaiita mali kauli: unachukua mzigo kwa neno lako. Hakuna fomu wala kiapo. Mwenye duka alimjua mteja, kijiji alichotoka, kanisa analosali, na mjomba wake. Naamini mali kauli ya Lilongwe ilibeba mtaji mkubwa wa soko la Dzaleka kuliko shirika lolote la mikopo, na ilikuwa ndiyo daraja la pekee kati ya sanduku la kambini na fedha za mjini.

Benki nazo zilifika, baadaye na kwa uchache. Mwaka 2018 New Finance Bank, iliyokuwa chini ya kundi la MyBucks, ilifungua tawi Dzaleka kwa ushirikiano na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Lilikuwa jambo kubwa na sitalidharau: mkimbizi alifungua akaunti kwa hati zake za ukimbizi, akaweka fedha mahali pasipoibwa wala kuungua. Benki hiyo ilinunuliwa baadaye na kundi la Centenary kutoka Uganda. Lakini akaunti ya akiba ni jambo moja na mkopo ni jambo jingine. Kwenye akaunti wewe ndiwe unayeiamini benki. Kwenye mkopo ni yenyewe inayokuamini wewe, na inaanza kuuliza maswali ambayo mashine ya mboni haikuyajibu: ukishindwa kulipa nichukue nini, na mwaka ujao biashara yako itakuwa wapi?

Swali la kwanza, la dhamana, lingeweza kupatiwa jibu. Malawi ilipitisha mwaka 2013 sheria inayoruhusu mali inayohamishika kuwekwa dhamana, na daftari la kuisajili likaanzishwa. Cherehani, pikipiki, jokofu, hata mzigo wa dukani, vyote vinaweza kuandikwa. Mkimbizi hana hati ya kiwanja, na nyumba ya matofali aliyoifinyanga kwa mikono yake imesimama juu ya ardhi isiyo yake, lakini cherehani anayo. Swali la pili ndilo lililokosa jibu, na nchi nzima ilishuhudia kwa nini.

Tarehe 27 Machi 2023 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka kufikia katikati ya Aprili. Amri kama hiyo ilikuwa imetolewa pia mwaka 2021, ikazuiwa mahakamani. Safari hii, tarehe 17 Mei, polisi na wanajeshi waliingia vitongoji vya Lilongwe. Mamia ya watu walikamatwa, watoto wakiwemo, wakapelekwa gereza la Maula kisha kambini. Maduka yalifungwa, na uporaji wa bidhaa uliripotiwa.

Magazeti yaliliandika tukio hilo kama habari ya usalama na haki za binadamu, na ndivyo lilivyostahili kuandikwa. Mimi naliona pia kama tukio la benki. Siku ile mwenye duka la Kawale alipopandishwa gari, mali kauli yote aliyokuwa ametoa ilibaki haina wa kuidai, na mali kauli yote aliyokuwa amepokea kutoka kwa matajiri wa mjini ilibaki haina wa kuilipa. Mwenye nyumba, raia wa Malawi, alikosa kodi. Muuzaji wa jumla, naye raia, alikosa mteja na deni lake. Yule mama wa Dzaleka alikosa mahali pa kuchukua mzigo. Na kila ofisa wa mikopo wa Lilongwe aliyesoma gazeti asubuhi ile alijifunza somo ambalo halitamtoka: mteja wa aina hii, hata awe mwaminifu namna gani, hata awe analipa kila mwezi kabla ya tarehe, anaweza kuondolewa dukani kwa tangazo moja. Hakuna riba inayotosha kufidia hatari hiyo. Ukiipandisha hadi itoshe, Stiglitz na Weiss watakuambia nani atabaki kukopa.

Ndiyo maana nasema kinachomkosesha mkimbizi mkopo ni kwamba hana kesho inayolindwa na sheria. Umaskini wake haumtofautishi na majirani zake. Utambulisho wake ni bora kuliko wa wengi. Uaminifu wake unapimwa kila wiki kwenye sanduku mbele ya watu ishirini. Mkopo, ukiuvua maneno yote ya benki, ni fedha za leo zinazobadilishwa na ahadi ya kesho, na mtu asiyeruhusiwa kuimiliki kesho yake hana cha kubadilisha.

Mzizi wa hayo una tarehe. Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwezi Desemba 1987, miaka ambayo Wamsumbiji waliokuwa wakikimbia vita walikuwa wakimiminika kwa mamia ya maelfu. Ikaridhia kwa masharti: ilitaja vifungu tisa ambavyo haitafungwa navyo kikamilifu. Kifungu cha 13, cha mali, kimo. Cha 15, cha kuunda vyama, kimo. Cha 17, cha ajira, na cha 26, cha uhuru wa kwenda na kukaa, vimo. Ukivisoma kwa jicho la mkopeshaji utaona kwamba vinne hivi vikiondolewa, mkataba umebaki bila karibu kila kitu ambacho benki hukitazama kabla ya kutoa shilingi. Baadaye ikaja sheria ya leseni za biashara ya mwaka 2012, iliyowabana wafanyabiashara wa kigeni wafanye kazi kwenye miji mikuu tu, Lilongwe, Blantyre, Mzuzu na Zomba. Mgeni akafanye biashara mjini; mkimbizi akae kambini. Mtu aliye yote mawili akafanye biashara wapi?

Waliotoa amri hizi hawakuwa na roho mbaya wote, na malalamiko ya wafanyabiashara wa Kimalawi waliokuwa wanashindwa bei na maduka ya wageni yalikuwa ya kweli. Mtu anayenyimwa mkopo na benki yake, katika nchi yake, akimwona jirani mgeni ana mzigo mkubwa, atauliza fedha zimetoka wapi. Jibu, mali kauli na undugu, halimpozi. Lakini duka la mgeni likifungwa, benki haimfungulii mlango mwananchi kwa sababu hiyo. Hazina bado ipo na hati zake.

Nchi nyingine zimekwenda njia tofauti. Uganda, kwa sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 2006, ilimruhusu mkimbizi kufanya kazi, kumiliki mali na kwenda atakako, na Opportunity Bank imefungua tawi ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kenya ilichelewa, ikapitisha sheria yake mpya mwaka 2021, lakini katika kambi ya Kakuma soko lilitangulia sheria: uchunguzi wa mwaka 2018 wa IFC, shirika la kundi la Benki ya Dunia, ulikuta huko biashara zaidi ya 2,000 na matumizi ya karibu dola milioni 56 kwa mwaka, na Equity Bank ilikuwa tayari ina tawi lake. Sitaki kuipamba Uganda; kuruhusiwa kisheria hakumpi mtu mteja wala mvua. Ila ofisa wa mikopo wa Nakivale ana jambo moja ambalo mwenzake wa Lilongwe hana: anaweza kuandika kwenye fomu kwamba duka hili litakuwa hapa mwakani, asimdanganye mwajiri wake.

Kwa Malawi, kumpa mkimbizi kesho hiyo hakuhitaji mfadhili wala mashine nyingine ya macho. Kwenye orodha ya masharti ya 1987 kuna kifungu ambacho hakikutajwa kabisa, cha 18, kinachomhusu mkimbizi anayejiajiri kwa kilimo, ufundi au biashara. Malawi imefungwa nacho tangu siku ile, na wanasheria wa Lilongwe wanaotetea wenye maduka wana haki ya kukishika na kukisimamia. Na kifungu cha 42 cha mkataba uleule kinaipa nchi yoyote ruhusa ya kuondoa sharti lake wakati wowote, kwa kumwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Ningeanza na sharti la kifungu cha 13, la mali, na la 26, la mahali pa kukaa, kwa wale tu ambao vikundi vyao vina vitabu vya miaka mitatu vyenye mihuri. Vitabu hivyo vipo, vimefungwa kwenye masanduku ya Dzaleka, na kila ukurasa una tarehe, kiasi, na jina la aliyelipa.